Sifuri na kistari: kukagua nambari iliyokosekana katika C#

Kusi likivuma kwa nguvu, mashua nyingi hapa Lamu hazitoki. Karani wa samaki gatini huandika kilo za kila mashua kwenye daftari: iliyotoka ikarudi bila kitu, 0, isiyotoka kabisa, kistari. Nilipotengeneza programu ya kuingiza daftari hilo kwenye kompyuta, kwa lugha ya programu ya C#, alama zote mbili nilizifanya 0. Wastani wa mwezi ukaporomoka, wavuvi wakaonekana kama bahari imewanyima. Iliniuma, kwa sababu takwimu zile ni jasho la watu.

Hatua ya 1. Tangaza aina inayokubali utupu. `decimal` ya kawaida (aina ya nambari zenye desimali) lazima ishike nambari. Iongeze alama ya kuuliza:

`decimal? kilo;`

Huo ni ufupisho wa `Nullable<decimal>`, uliomo katika C# tangu toleo la 2.0 la mwaka 2005.

Hatua ya 2. Kistari kiingie kama utupu (`null`), si kama sifuri. `andiko` ni maandishi yaliyosomwa kutoka daftarini.

`kilo = andiko == "-" ? (decimal?)null : decimal.Parse(andiko);`

Wengine hutumia `TryParse`, inayojaribu kugeuza maandishi kuwa nambari bila kukatisha programu, na kila kinachoshindikana hukifanya `null`. Mimi sipendi. Mtu akichapa herufi O mahali pa sifuri, nataka programu ipige kelele, isiniambie kwamba mashua haikutoka.

Hatua ya 3. Kagua kabla ya kugusa.

`if (kilo.HasValue) jumla += kilo.Value;`

Ukiita `Value` pasipo na kitu, programu hukatika kwa `InvalidOperationException`. Hilo ni kosa la wazi, utalikuta siku hiyo hiyo. La hatari ni hili:

`if (kilo < 5) hali = "haba"; else hali = "nzuri";`

`kilo` ikiwa tupu, `kilo < 5` ni uongo, na `kilo >= 5` nayo ni uongo. Kwa hiyo mashua iliyolala imefungwa kamba inaangukia kwenye `else` na kuandikwa "nzuri". Hakuna kosa litakalotokea, hakuna onyo. Uliza utupu kwanza, `if (kilo is null)`, ndipo ulinganishe.

Hatua ya 4. Wastani. Chukua mashua tano: 42, 0, 18 na vistari viwili. `Average()` ya LINQ (zana za C# za kuchakata orodha) huruka zilizo tupu: 60 kwa 3, yaani kilo 20. Ukitanguliza `?? 0` au `GetValueOrDefault()`, ambazo huweka 0 mahali pa utupu, unagawa kwa 5, unapata 12. Jumla ni 60 kote kuwili, kwa hiyo usitegemee jumla ikuonyeshe kosa.

Ukitumia `double?`, kumbuka kuwa `NaN` (alama ya "si nambari") si utupu: `HasValue` itajibu ndiyo. Ikague kwa `double.IsNaN`.

Hatua ya 5. Rudisha kistari kwenye ripoti.

`Console.WriteLine(kilo?.ToString() ?? "-");`

Karani akiiweka ripoti kando ya daftari lake, mstari kwa mstari, vistari vikae palepale alipoviandika.