Umehamia mtaa mpya? Anza na kijiwe cha kahawa

Ukihamia mtaa mgeni, iwe Dar au Unguja, toka baada ya sala ya alasiri utembee kwa miguu. Sikiliza vikombe vikigonganishwa: huyo ni muuza kahawa, na pale alipotua birika lake la mkaa hapakosi benchi. Mji Mkongwe watakuelekeza Jaws Corner, na ni pazuri kweli, lakini baraza la uchochoroni kwako ndilo utakalolizoea.

Chagua kijiwe chenye bao au drafti. Mgeni anayetazama mchezo hahitaji kutafuta maneno, wala hakuna anayemshangaa. Toa salamu kwa wote, shikamoo kwa wazee, kaa pembeni, agiza kahawa chungu na kashata. Simu iache mfukoni. Rudi saa ile ile siku tatu nne mfululizo. Mimi siku ya nne nilisogezewa nafasi bila kuomba, na kijiwe sijabadilisha tena.

Kipimo changu ni kimoja: sikiliza kama wanamuulizia mwenzao ambaye hajaonekana tangu juzi. Wakimuulizia, kaa hapo.