Tamko la serikali kuhusu UFO: lisome hivi

Nimeandika matamko ya wizara hadi nikastaafu, kwa hiyo Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, ikisema neno kuhusu UFO, yaani vitu vya angani visivyotambuliwa, macho yangu hutafuta kwanza uzio. Mwandishi mzoefu huizungushia kila sentensi uzio wa muda, wa ushahidi na wa nani anasema.

Mwaka 2023, David Grusch, aliyewahi kuwa afisa wa ujasusi, alidai kwamba serikali ya Marekani ina mabaki ya vyombo visivyotengenezwa na binadamu. Msemaji wa Pentagon, Susan Gough, akajibu kwamba hadi sasa AARO, ofisi ya Pentagon inayochunguza visa vya UFO, haijapata taarifa zozote zinazoweza kuthibitishwa za kuunga mkono madai ya kuwapo kwa programu za kumiliki vitu vya aina hiyo. Shika kalamu upigie mistari. "Hadi sasa": ya kesho hayamo. "AARO": ofisi nyingine hazijasemewa. "Zinazoweza kuthibitishwa": masimulizi yanaweza kujaa kabati zima na sentensi bado ikawa kweli. Gazeti likiandika "Pentagon yakiri" au "hakuna kitu kabisa", ujue hayo ni ya mhariri.

Lakini usirukie kusema wanaficha. Ofisini huandikwa hivyo hata pasipo na siri yoyote. Bosi wangu mmoja alikuwa akikata "kamwe" kwa wino mwekundu kila alipolikuta. "Likigeuka, utaitwa wewe," alikuwa akiniambia, na kweli aliyeandika ndiye huitwa.

Kisha nenda kwenye takwimu, uulize kila namba inahesabu nini. Ripoti ya ujasusi wa Marekani ya Juni 2021 ilikuwa na visa 144, na kilichotambuliwa kwa uhakika mkubwa ni kimoja tu: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Mitandaoni hivyo 143 vikageuka wageni kutoka sayari nyingine, ilhali ripoti ilieleza kwamba data zilikuwa haba mno. Blue Book, mradi wa Jeshi la Anga la Marekani wa kuchunguza UFO, uliofungwa 1969, nao ulibaki na visa 701 visivyotambuliwa kati ya 12,618. Ni namba ya mafaili yaliyobaki wazi, basi.

Jambo ambalo wengi hulipita ni lile neno la maelezo linalofuata jina la kitu. Julai 8, 1947, kambi ya jeshi ya Roswell, Marekani, ilitangaza kwamba imepata kisahani kirukacho. Muda si muda jeshi likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likaeleza kwamba mabaki yale yaelekea yalikuwa ya Mogul, mradi wa siri wa maputo ya kunasa milio ya majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Kwa maelezo hayo, "puto" lilikuwa sawa. Uongo ulikaa kwenye "hali ya hewa". Kwa hiyo nikiambiwa kitu fulani ni nini, huandika pembeni ya karatasi: cha nani, na cha kazi gani?