Namna ya kuisoma historia ya Jersika bila kuchanganywa na majina

Kama unataka kuisoma Jersika, ule ufalme wa Walatgali (moja ya makabila ya zamani ya Latvia) uliokuwa kando ya mto Daugava, huko ambako leo ni mashariki mwa Latvia, anza na majina, maana hapo ndo wengi tunakwama. Walatvia wanasema Jersika, kwenye Kilatini utakuta Gercike au Gerzika, na mfalme wake Visvaldis Warusi wanamwita Vsevolod. Mtu mmoja huyohuyo! Mimi wiki nzima nilidhani wafalme walikuwa wawili. Yaandike yote kwenye karatasi ndo uanze kusachi.

Ukimaliza hapo nenda mwaka 1209 na usiwe na haraka nao. Askofu Albert wa Riga, Mkatoliki kutoka Ujerumani, alikuja na jeshi, sababu eti mfalme anashirikiana na Walithuania, na kweli mkewe alikuwa binti wa mkubwa wao mmoja, Daugeruthe, basi wakaingia mjini wakabeba kengele za makanisa, picha za watakatifu, hela, nguo, na mke wa mfalme wakamteka. Visvaldis alishavuka mto kwa boti, kesho yake wakauchoma mji na yeye yuko ng'ambo anauangalia unavyoungua, analia.

Sasa jiulize nani anasimulia. Karibu yote hayo kayaandika padri Henry wa Livonia miaka ya 1220, na yule alikuwa mtu wa askofu kabisa. Kwa hiyo akikuambia mfalme alikuwa adui wa Wakristo, kumbuka mfalme mwenyewe alikuwa Mkristo, Mwothodoksi, hizo kengele zimetoka wapi kwani? Ndo maana mpime na hati ya 1209 hiyohiyo, ambayo Visvaldis anamkabidhi askofu ufalme wake halafu anarudishiwa sehemu aishike chini ya askofu, na mkewe akarudishiwa. Hati yenyewe kavu, inachosha, ila inataja ngome kwa majina. Fungua ramani ya Latvia utafute mojawapo, Cesvaine, uone ilivyo mbali na Daugava, hapo utajua haikuwa himaya ya kamji kamoja.

Na kama uko Ulaya nenda kabisa, kilima cha ngome bado kipo, ukingo wa kulia wa mto, karibu na mji wa Līvāni, mwanaakiolojia Francis Balodis alikichimba mwaka 1939. Panda juu, geukia mtoni, ile ng'ambo unayoiona ndo kule alikokuwa Visvaldis.