Ufuta: jua kilo moja imekugharimu shilingi ngapi kabla hujaota bodaboda

Wakuu, kila mwezi wa 6 minada ikianza huku Lindi mtu akisikia bei tu anaanza kuhesabu hewani, heka 3 mara kilo kadhaa, tayari bodaboda ameshaiona. Ndo walivyofanya Waingereza enzi za ukoloni na mradi wao wa karanga za Kongwa na Nachingwea, wakaleta matrekta, wakajenga reli mpaka bandari ya Mtwara, 1951 wakaachana na mradi wakiwa wamechoma kama pauni milioni 36. Waliwaza mafuta ya kula ya kwao, udongo na mvua za kwetu wakavidharau.

Sasa chukua daftari. Andika kila hela inayotoka kwa heka moja, kukodi shamba, kulima, mbegu, palizi, dawa, kukata, kupiga, usafiri mpaka ghala la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), na wewe na mama watoto mjiandikie posho kama vibarua wengine maana hapo ndo tunajidanganya sana. Jumla gawanya kwa kilo. Mfano umetumia laki 4 ukapata kilo 200, kila kilo imekula 2,000. Ukipata 400 kwa gharama ileile, imekula 1,000. Bei ya mnada hupangi wewe, ila kilo unaweza kuzihangaikia.

Mbegu zipo, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wametoa Lindi 02, Ziada 94, Mtwara 09. Panda kwa mstari, sentimita 50 mstari hadi mstari, punguza miche hata kama roho inauma. Palizi ya kwanza usichelewe kabisa, ufuta ukiwa mdogo unakua taratibu mno, magugu yanaumeza.

Halafu kuvuna, hapa ndo hela inapomwagika. Majani ya chini yakishakuwa njano yanadondoka na maganda ya chini yanabadilika rangi, kata, usingoje yapasuke. Mwaka juzi nilingoja vibarua waliokuwa shamba la jirani, siku 5 tu, kwenda kushika shina nasikia tssss, chini peupe, kuku wa watu wanashukuru Mungu. Funga matita madogo, yasimamishe kwenye kichanja, chini tandika turubai, ukipigia kwenye mchanga ubora kwishnei.

Kangomba sasa, yaani kuuza ufuta kwa bei ya kutupa ukiwa bado shambani. Mwezi wa 3 mtoto anataka sare, jamaa anakupa elfu 50 kwa bei yake ya 1,000 kilo, utamlipa ufuta ukivuna, yaani kilo 50. Mnada ukifika 3,000, hizo kilo ni laki na nusu, kwa hiyo umelipa laki nzima juu ya elfu 50 yake! Ukikopa VICOBA hata kwa riba ya 10% kwa mwezi, miezi 3 ni elfu 15. Mimi ningeuza hata mbuzi kwanza.

Na ile bei inayotangazwa mnadani sio inayoingia mfukoni, kuna ushuru wa halmashauri, makato ya AMCOS, ya chama kikuu cha ushirika, ya ghala. Muulize karani makato ya msimu huu ni shilingi ngapi kwa kilo kabla hujapeleka mzigo, uyaandike kwenye daftari lilelile, na mzigo ukipimwa simama hapohapo kwenye mizani, risiti usiondoke bila kuisoma.