Redio ya nyumbani inakuvuta upande gani? Vile unaweza kuichunguza kabla ya kura ya 2027

Wakenya wenzangu, kura ni Agosti 10, 2027 na stesheni zetu za lugha ya mama zishaanza kuchangamka. Magazeti ya Nairobi tunayashuku kila siku, lakini ile redio ya kwenu, ile inataja soko lenu kwa jina na kuwatangazia matanga, hiyo hatuiulizi kitu, na ndiyo inatuingia kabisa. Kuichunguza hakuhitaji digrii, daftari na kalamu tu zinatosha.

Anza na mwenye stesheni. Inooro, Ramogi, Mulembe, Musyi, Egesa, Chamgei na Bahari zote ni za Royal Media Services ya S.K. Macharia. Kameme iko chini ya Mediamax, kampuni ambayo kwa miaka mingi imehusishwa na familia ya Kenyatta. Lakini usiishie hapo, maana angalia, kampuni moja ina redio ya Wakikuyu na ya Wajaluo, na msimu wa siasa ukifika hizo mbili zinaweza kuongea kama za nchi mbili tofauti na bosi ni yule yule. Kwa hivyo mimi naamini upendeleo mwingi wa redio za mashinani unatoka kwetu wasikilizaji, presenta anajua akimhoji vizuri mgombea wa upande ule mwingine simu zitalia za matusi na watu watahama stesheni, basi anaamua kunyamaza. Hilo linaniuma kuliko hata pesa za wanasiasa.

Pesa nazo zifuatilie. Matangazo ya serikali kuu yalianza kupitia wakala mmoja 2015, na Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na TV yaende KBC, shirika lake la utangazaji, sasa fikiria stesheni ndogo ikipoteza mteja kama huyo inabaki kutegemea nani, mara nyingi ni ofisi ya gavana na wafanyabiashara wachache wa hapo mjini. Ukisikia tangazo la kaunti kabla ya habari na lingine baada ya habari, halafu ile stori ya basari iliyoko kwa mdomo ya kila mtu haitajwi hata mara moja, weka alama kwa daftari. Na ukumbuke waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa stori iliyotumika, hawana mshahara, kwa hivyo nauli ya kwenda mkutanoni ikitoka kwa mgombea ujue stori itatoka inanukia mgombea.

Sasa kazi yenyewe. Chagua kipindi cha asubuhi na habari za saa moja jioni, usikilize wiki nzima. Kila mgombea ugavana mpe ukurasa wake, uandike dakika alizopata, halafu ugawanye mara mbili: dakika ambazo sauti yake mwenyewe imesikika, na dakika ambazo ametajwa tu na watu wengine. Hapa ndipo mambo yanajitokeza, kwa sababu stesheni inaweza kukuambia "sisi tumewapa wote nafasi sawa" na kwa saa ni kweli, lakini mmoja ameongea akiwa studio na chai mkononi, mwingine amejadiliwa na wapinzani wake bila kupigiwa simu. Angalia pia maswali, mmoja anaulizwa "utatufanyia nini", mwingine anaulizwa "kwa nini watu wanasema wewe ni mwizi". Na wanaopiga simu: ni sauti zile zile kila siku? Nani anakatwa katikati?

Kwa mafumbo usipitie juu juu. Redio zingine za lugha ya mama zililaumiwa kwa uchochezi kabla na wakati wa ghasia za 2007/08, tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alifikishwa mahakama ya kimataifa ya ICC, kesi ikasimamishwa Aprili 2016 kwa ushahidi kutotosha. Neno kama "madoadoa" kila mtu alijua linamaanisha jirani wa kabila lingine. Kwa hivyo presenta akicheka mtu akitoa fumbo kama hilo hewani badala ya kumkatiza, andika saa na dakika hapo hapo.

Kura ya maoni ikisomwa, sikiliza kama wametaja nani amelipia, wamehoji watu wangapi na wapi. Sheria ya 2012 inataka hayo yatajwe na inazuia kutangaza kura za maoni siku tano za mwisho. Wasipotaja, hiyo kura ya maoni usiiweke kichwani.

Usiku wa matokeo kuwa mpole. Agosti 2022 fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, ziliwekwa kwa tovuti ya IEBC na kila TV ikajumlisha zake, moja inaonyesha Ruto mbele na nyingine Raila, wasiwasi ukapanda bure, kumbe kila moja ilianza na fomu za vituo tofauti. Fungua fomu ya kituo chako mwenyewe, ulinganishe na ile iliyobandikwa mlangoni.

Ukishapata ushahidi usiutupe kwa grupu ya WhatsApp tu. Rekodi kwa simu, andika jina la kipindi, tarehe na saa, umpelekee mhariri wa stesheni kwanza kwa heshima na umwachie nafasi ya kujibu. Asipojibu au akikujibu vibaya, peleka kwa Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari, raia yeyote anaruhusiwa. Kama ni KBC taja pia kifungu cha 34 cha katiba, kinachotaka chombo cha umma kisiegemee upande na kipe maoni tofauti nafasi ya haki. Na mgombea wako akipendelewa naye andika vile vile, daftari liwe na kurasa zote.