Homoni baada ya kukoma hedhi: pima hatari ya moyo kwanza

Kabla ya kuanza homoni za kutuliza joto na jasho la kukoma hedhi, hesabu miaka. Hedhi huhesabiwa imekoma ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Ukiwa na umri chini ya miaka 60, au haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na huna ugonjwa wa moyo, hatari ya kuzitumia huwa ndogo. Anayeanza akiwa na miaka 65 huenda mishipa yake tayari ina mafuta yaliyojijenga kutani, na hapo estrojeni, homoni kuu ya kike iliyo kwenye dawa hizi, inaweza kuleta balaa.

Hofu iliyopo hadi leo ilianza 2002, utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative uliposimamisha vidonge vya estrojeni na projestini (homoni inayofanya kazi kama projesteroni) kabla ya wakati. Kwa kila wanawake 10,000 waliovitumia, kila mwaka waliongezeka 7 wenye matatizo ya moyo, 8 wa kiharusi na 8 wa saratani ya matiti. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63! Kumtisha mama wa miaka 51 anayeloa jasho usiku kucha kwa takwimu hizo si haki.

Pima presha ukiwa umekaa na kupumzika dakika 5, kisha sukari na lehemu (kolesteroli). Mwombe daktari akukadirie hatari ya moyo kwa miaka 10 ijayo. Ikiwa chini ya asilimia 5, kidonge au kibandiko cha estrojeni cha kwenye ngozi vyote vinafaa. Kati ya 5 na 10, chagua kibandiko. Ikizidi 10, ulizia dawa zisizo na homoni. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi, damu kuganda au saratani ya matiti, au anayetoka damu ukeni bila sababu kujulikana, asianze.

Kwa nini kibandiko? Kidonge hupitia kwenye ini kwanza, nalo huchochewa kutengeneza protini za kugandisha damu. Estrojeni ya kwenye ngozi huingia moja kwa moja kwenye damu. Dozi ya kawaida ni mikrogramu 25 hadi 50 kwa siku, na kwa aina nyingi kibandiko hubadilishwa mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Kibandike chini ya kitovu au kwenye tako, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe safi na kavu, bila losheni wala mafuta ya nazi, la sivyo kitabanduka kwa jasho la kwanza. Kikandamize kwa kiganja sekunde 10, mbali na mkanda wa nguo, na mara nyingine ubadili upande.

Kama bado una kizazi, projesteroni, homoni ya pili inayokinga kizazi, ni lazima: miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa usiku 12 wa kila mwezi. Wengine huiacha kwa sababu inaleta usingizi. Hilo ni kosa kubwa, maana estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi hadi kuzaa saratani. Imeze unapokwenda kulala.

Usitumie homoni kwa nia ya kukinga moyo. Si kazi yake. Presha, sukari na lehemu zina dawa zake.

Rudi kliniki baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, kifua kikibana au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo.