Namna ya Kuichambua Habari ya Siasa Iliyobeba Dini

Anza na kiima cha sentensi. Habari inapokufikia ikisema kwamba Wahindu wamebomoa msikiti, Waislamu wameiangusha serikali au Wakristo wameikataa katiba, lizungushie duara jina lililotangulia kitenzi, kwa kuwa hapo ndipo kosa kubwa hujificha. Aliyetenda ni chama, jumuiya, baraza la maaskofu, kundi la wanazuoni au umati ulioletwa kwa mabasi, na kila mmoja wa hao ana viongozi, fedha na mahasimu wake. Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa uraia, wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wahariri wa redio za jamii, na yeyote ambaye jioni huketi barazani akaulizwa, "Hivi huko kwa wenzetu kuna nini?" Jambo hili linanigusa, kwa sababu tukio la Tehran, Delhi au Kyiv hufika kwenye simu zetu likiwa limepunguzwa hadi ugomvi wa imani mbili, na majirani walioalikana futari na Krismasi miaka yote wakaanza kutazamana kwa jicho jingine.

Tujaribu kwa tukio la Ayodhya, kaskazini mwa Uhindi, ambako Msikiti wa Babri ulibomolewa tarehe 6 Desemba 1992. Ukiandika "Wahindu" umewatia hatiani mamia ya mamilioni ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuukanyaga mji huo. Andika badala yake kwamba msikiti ulibomolewa na umati uliokusanywa na jumuiya ya Vishva Hindu Parishad na washirika wake, siku ambayo viongozi wa BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, walikuwapo, katika jimbo lililokuwa likiongozwa na serikali ya chama hicho hicho. Sentensi imerefuka, lakini sasa inakuonyesha pa kuuliza: nani aliwaleta watu wale, polisi walikuwa chini ya amri ya nani, na chama kile kilikuwa kinatafuta nini. Ukifuatilia swali la mwisho utakuta kwamba BJP ilipata viti 2 tu vya bunge la taifa mwaka 1984, ikapata 85 mwaka 1989 na 120 mwaka 1991, katika miaka ile ile ambayo madai ya kujenga hekalu la Rama, mungu wa Wahindu, mahali pale yalikuwa yakizidi kupaa.

Baada ya kiima, kagua tarehe, kisha rudi nyuma wiki chache. Tarehe 25 Septemba 1990 kiongozi wa BJP, L. K. Advani, alianza msafara kutoka Somnath, Gujarat, akiwa ndani ya gari lililopambwa lifanane na gari la vita la hadithi za kale, akielekea Ayodhya. Habari ikisimulia msafara peke yake, msomaji ataona uchaji tu. Rudi nyuma hadi tarehe 7 Agosti mwaka huo, na utamkuta Waziri Mkuu V. P. Singh akitangaza kwamba asilimia 27 ya ajira za serikali kuu zitatengewa jamii zilizoachwa nyuma katika mfumo wa matabaka. Tangazo lile liliwagawa wapigakura Wahindu kwa matabaka yao, na msafara ukawaita wawe kitu kimoja. Sisemi kwamba waliolilaki lile gari kwa maua hawakuwa na imani. Nasema kwamba matukio haya mawili hayana budi kusomwa pamoja. Vivyo hivyo kwa Hagia Sophia mjini Istanbul, iliyokuwa jumba la makumbusho tangu miaka ya 1930: sala ya kwanza baada ya kurudishwa kuwa msikiti ilifanyika tarehe 24 Julai 2020, siku ya kumbukumbu ya Mkataba wa Lausanne wa 1923 uliochora mipaka ya Uturuki ya leo, na mwaka mmoja baada ya chama tawala kushindwa umeya wa jiji hilo.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoomba uitulizie akili. Jiulize dini ilikipa kikundi kitu gani ambacho kikundi hicho kisingekipata kwingine. Inasemwa sana kwamba dini ilirejea katika siasa za dunia mwaka 1979, na ni kweli mwaka huo ulijaa mambo: Ayatullah Khomeini, mwanazuoni wa Iran aliyekuwa uhamishoni, alirudi Tehran tarehe 1 Februari, Papa Yohane Paulo wa Pili alizuru Poland, nchi alikozaliwa, mwezi Juni, mhubiri Jerry Falwell aliasisi jumuiya yake ya Moral Majority huko Marekani, na mwezi Novemba watu wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka. Hata hivyo, neno "kurejea" lichunguze. Misikiti ya Qom, mji wa wanazuoni wa Iran, haikuwa imefungwa ikafunguliwa mwaka huo. Kilichokuwa kimefungwa Iran ni milango mingine yote, kwani Shah, mfalme wa nchi hiyo, alikuwa amevifuta vyama na kubakiza chama kimoja, Rastakhiz, mwaka 1975.

Tazama jinsi msikiti ulivyofanya kazi ambayo chama hakikuruhusiwa kuifanya. Januari 1978 gazeti moja la Tehran lilichapisha makala ya kumkashifu Khomeini, wanafunzi wa dini wa Qom wakaandamana, na tarehe 9 polisi wakaua. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa arobaini ni nini: watu hukusanyika, husoma, hula pamoja, na hakuna serikali inayoweza kuizuia bila kuonekana imewavamia wafiwa. Arobaini ya waliouawa Qom iliangukia tarehe 18 Februari, na huko Tabriz ikageuka maandamano makubwa yaliyosababisha vifo vingine. Arobaini ya wafu wa Tabriz ikafika mwishoni mwa Machi, na safari hii Yazd ikawaka. Kalenda ya msiba ikawa ratiba ya mapinduzi, bila kamati kuu kukaa kikao cha kupanga siku. Ongeza juu yake fedha za khumsi, yaani sehemu ya tano ya ziada ya mapato, ambazo waumini huwapa wanazuoni wao moja kwa moja, ongeza wafanyabiashara wa soko kuu waliokuwa na kinyongo na serikali, ongeza kaseti za hotuba za Khomeini zilizonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono, na utaelewa kwa nini vyama vya mrengo wa kushoto, vilivyokuwa na wasomi na ujasiri, vilijikuta nyuma ya joho la mwanazuoni. Kwa hiyo, katika daftari lako andika vitu vinavyoshikika: majengo, kalenda, fedha, njia za mawasiliano. Ukivikosa vyote vinne, huenda unachokitazama ni maneno ya jukwaani tu.

Wapo watakaosoma hatua hiyo wakakimbilia upande wa pili na kusema kwamba dini ni kisingizio, na kiini ni mkate. Huo nao ni uvivu. Katika karakana za meli za Gdańsk, Poland, Agosti 1980, wafanyakazi waliogoma waliandika madai 21, mengi yakihusu mishahara, nyama, likizo na haki ya kuunda chama huru. Ukisoma orodha peke yake utadhani ni mgomo kama migomo mingine. Lakini kwenye lango la karakana walining'iniza picha ya Papa, wakapiga magoti na kuungama pale pale mbele ya kamera, na tarehe 31 kiongozi wa mgomo, Lech Wałęsa, akatia sahihi makubaliano kwa kalamu kubwa mno yenye picha ya Papa huyo huyo. Watu wanaopiga magoti mbele ya dola inayoweza kuleta vifaru hawafanyi maonyesho. Katika ziara ya Papa mwaka mmoja kabla, walikuwa wamekusanyika kwa mamia ya maelfu na kuonana wao kwa wao, wakajua kwamba hawako wachache. Andika madai na imani katika ukurasa mmoja, bila kufuta kimoja kwa ajili ya kingine.

Tafuta pia swali la katiba lililolala chini ya swali la dini. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992, wengi waliliona jambo la Uislamu. Bungeni lilikuwa swali la kama upande mmoja wa Muungano unaweza kujiunga na jumuiya ya kimataifa peke yake, na mwaka 1993, mwaka huo huo Zanzibar ilipojitoa, wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika. Kwa Kenya, mabishano ya mwaka 2010 juu ya kuwamo kwa Mahakama za Kadhi katika katiba mpya hayaeleweki bila barua za Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, ambamo mahakama hizo zilihakikishiwa kubaki ili Mwambao, ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, uingie Kenya.

Mfano huo huo wa Kenya unafundisha kutoichukulia sauti ya viongozi wa dini kuwa ndiyo kura ya waumini. Viongozi wengi wa makanisa walihimiza katiba ikataliwe, kwa ajili ya Mahakama za Kadhi na kifungu kinachogusa utoaji mimba. Tarehe 4 Agosti 2010 takriban asilimia 67 ya wapigakura waliikubali, katika nchi ambayo wengi ni Wakristo. Uhindi nako, hekalu la Ayodhya lilizinduliwa kwa shangwe tarehe 22 Januari 2024, na miezi michache baadaye BJP ikapoteza kiti cha Faizabad, ambamo Ayodhya yenyewe imo. Kabla hujaandika kwamba "waumini wanataka", tafuta matokeo ya kura jimbo kwa jimbo.

Mwisho, fuata hati na mipaka ya mamlaka hata kama inavuka bahari. Tarehe 6 Januari 2019 Patriaki (mkuu wa kanisa) Bartholomew wa Konstantinopoli alilikabidhi Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine hati ya kujitawala, akalitoa katika himaya ambayo Kanisa la Urusi, lenye makao Moscow, lilidai kuwa yake tangu 1686. Rais Petro Poroshenko aliinadi hati hiyo katika kampeni yenye kaulimbiu ya jeshi, lugha na imani. Mwezi Aprili alishindwa vibaya na Volodymyr Zelensky. Wengi waliliacha jambo hapo. Wewe endelea kuuliza nani mwingine aliitambua hati hiyo, na utamkuta Patriaki wa Alexandria, ambaye Waorthodoksi wa Afrika nzima walikuwa chini yake, akiitambua Novemba 2019. Moscow ilijibu tarehe 29 Desemba 2021 kwa kuanzisha jimbo lake la kikanisa barani Afrika na kuwapokea makasisi 102 kutoka nchi 8, Kenya ikiwemo, chini ya miezi miwili kabla ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine.

Hapo habari imefika kwetu, na hatua zote zilizotangulia zinarudi. Uorthodoksi wa Kenya haukuletwa na wamishonari. Ulichipuka katika vuguvugu la shule huru za Wakikuyu miaka ya 1930, ukaunganishwa na Alexandria mwaka 1946, na makanisa yake yakafungwa na wakoloni wakati wa Mau Mau. Kwa hiyo usiandike kwamba padri wa kijijini "amenunuliwa na Urusi", wala kwamba "amerudi kwenye imani ya kweli", kabla ya kumuuliza mshahara wake ulitoka wapi, shule ya parokia ilijengwa na nani, na yeye mwenyewe anaamini nini juu ya kanisa lake. Halafu nenda Jumapili usimame nyuma wakati wa Liturujia na usikilize kwa makini maombi ya kuwaombea viongozi wa kanisa, maana hapo jina la mkuu hutajwa kwa sauti. Likitajwa Theodoros, Patriaki wa Alexandria, parokia ingali Alexandria. Likitajwa Kirill, Patriaki wa Moscow, imehamia Moscow. Liandike jina ulilolisikia, pamoja na tarehe.